Nguo Uliyoivua: Habari ya Duka la Sadaka

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kilichomo katika kila nyumba, nacho ni nguo isiyovaliwa tena. Imekubana, au umenunua nyingine, au mtoto amerefuka akaiacha. Umeikunja ukaitia chini ya sanduku, na siku moja ukaikumbuka ukasema: Na tuitoe sadaka. Kusema hivyo ni kwepesi, na nia hiyo ni njema. Lakini jambo hili lina kizingiti ambacho wengi wetu twakivuka bila kutazama chini. Mimi nilijikwaa hapo, basi nakusimulieni ili ninyi msijikwae.

Hapa kwetu Masagati asubuhi za Juni na Julai zina baridi, na watoto huja madrasa mapema kabla ya kwenda shule. Mwaka mmoja nilimwona mwanafunzi wangu, yatima aliyefiwa na baba, akisoma huku anatetemeka hata herufi zikamkatika ulimini. Ijumaa ile nikasimama baada ya sala, nikawaomba Waislamu nguo za watoto. Haikupita wiki nikaletewa furushi kubwa. Nikawapanga watoto, nikagawa kwa mkono wangu mbele ya wenzao wote, na yule yatima nikampa sweta zito lenye mistari myekundu. Usiku ule nililala na furaha.

Siku ya tatu yatima hakuja, wala siku ya nne. Siku ya tano nikaenda kwao. Mama yake alinikaribisha, akanipa kigoda, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Maalim, niwie radhi. Mwanangu amekataa kuja. Mwenzake amemwambia mbele ya watu, hilo sweta ni langu mimi, baba amekupa kwa kuwa ninyi hamna kitu. Tangu siku ile amelivua, na baridi yake anayo." Akaingia ndani, akaniletea sweta limefuliwa na kukunjwa vizuri, akaniomba nimrudishie mwenyewe.

Ndugu zangu, sikuwa na neno la kumjibu. Yule mtoto aliyesema simlaumu. Mtoto husema alionalo. Wala baba yake hakukosea kitu. Alitoa nguo nzima na safi. Aliyekosa ni mimi niliyegawa hadharani, nikaifanya sadaka ya mtu mmoja kuwa aibu ya mtu mwingine. Na mimi ndiye niliyewasomesha watoto wale wale maana ya aya ya 264 ya Suratul Baqara, kwamba masimango na maudhi huibatilisha sadaka, na aya ya 271, kwamba kumpa fukara kwa siri ni bora zaidi. Nilikuwa nimesomesha nisilolitenda.

Tangu siku hiyo nikawa na swali moja: Nguo itatokaje kwa mwenye nayo imfikie asiye nayo, bila ya mmoja kumdhalilisha mwenzake? Nikaona baadaye kwamba swali hili si geni. Watu wa zama nyingi wamelifikiri, na mojawapo ya majibu yao ni duka: duka ambalo bidhaa zake zote zimetolewa bure, wauzaji wake hawapokei mshahara, na pato lake lote ni la kuwafaa wenye shida. Nitakuelezeni lilivyoanza, lilivyokua, na nini tunaweza kuchukua humo.

MNADA ULIONADIWA NA MTUME

Huenda mtu akasema: Sadaka na kuuza vina uhusiano gani? Sadaka ni kutoa, na kuuza ni kuuza. Basi na atazame kisa hiki, kilichopokewa kutoka kwa Anas bin Malik r.a. na kuwekwa na Imam Abu Daud katika Sunan yake.

Mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume s.a.w. kuomba. Mtume akamwuliza kama nyumbani kwake hamna kitu chochote. Akajibu kwamba kipo kitambaa kizito, nusu hujifunika na nusu hutandika, na bakuli la kunywea maji. Akaamrishwa avilete. Mtume s.a.w. akavishika mkononi mwake akavinadi. Mmoja akatoa dirhamu moja. Mtume akauliza tena, mara mbili au tatu, ni nani atakayezidisha, hata mwingine akatoa dirhamu mbili akavichukua. Mtume akampa yule Ansari fedha zake, akamwambia kwa dirhamu moja awanunulie watu wake chakula, na kwa ya pili anunue shoka amletee. Alipoleta, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma akakate kuni auze, asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu yule akaenda, akarudi na dirhamu kumi, na baadhi yake alikuwa amenunua nguo na baadhi yake chakula.

Fahamu, ewe msomaji, mambo matatu katika kisa hiki. La kwanza, kitu kilichotumika hakikudharauliwa. Kilinadiwa kwa bei ya juu iliyopatikana. La pili, mnadi alikuwa kiumbe bora kuliko wote, wala hakutaka ujira. La tatu, mtu yule alianza kwa kuuza nguo kuukuu akamaliza kwa kujinunulia nguo yake mwenyewe. Alikuja akiwa mwombaji, akaondoka sokoni akiwa mnunuzi.

Na Waislamu waliofuata waliendelea kuilinda heshima ya mnyonge kwa njia nyingi. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa katika pwani yetu mwaka 1331, alikuwa amepita Damaski katika nchi ya Sham mwaka 1326. Huko alimwona kijana mtumwa aliyeangusha sahani ya kaure ya Kichina ikavunjika. Watu wakamkusanyikia, na mmoja wao akamwambia aokote vigae avipeleke kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo. Alipovionyesha akapewa fedha za kununulia sahani mfano wa ile, akaokoka na kipigo cha bwana wake. Kulikuwa na wakfu wa vyombo vilivyovunjika! Na mji huo huo ulikuwa na wakfu wa kuwatayarishia vyombo vya harusi mabinti ambao jamaa zao hawakuwa na uwezo. Wenye kuweka wakfu hizo hawakumjua kijana yule wala mabinti wale, nao hawakuwajua. Hapo pana siri kubwa.

DUKA LA OXFORD

Sasa natuje katika zama za karibu. Katika nchi ya Uingereza, maduka ya kuuza vitu vilivyotolewa kwa ajili ya maskini yalikwisha kuonekana kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Mjini Edinburgh lilifunguliwa moja mwaka 1937. Wakati wa vita, mwaka 1941, Msalaba Mwekundu ulifungua duka lake katika mtaa wa Old Bond Street mjini London, na mengine mengi yakafuata katika miji mbalimbali. Serikali ililiruhusu jambo hilo kwa masharti magumu: kila kitu kinachouzwa lazima kiwe kimetolewa bure, ni marufuku kununua bidhaa ili kuziuza humo, na pato lote lipelekwe katika mfuko wa majeruhi na wafungwa wa vita. Yawekeni masharti hayo akilini, maana tutayarudia.

Duka lililopata sifa kuliko yote lilitokana na njaa. Katika kipupwe cha mwaka 1941 nchi ya Ugiriki ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani na wenzao, na manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga njia za bahari ili adui asipate kitu. Chakula hakikuingia, na watu wa Athens wakafa kwa njaa mabarabarani. Baadhi ya watu wa mji wa Oxford hawakuridhika kukaa kimya juu ya njaa iliyosababishwa na kizuizi cha nchi yao wenyewe. Tarehe 5 Oktoba 1942 walikutana katika maktaba ya kanisa la Mtakatifu Maria mjini humo, miongoni mwao padri, mabingwa wa elimu na wafanya biashara, wakaunda kamati ya kuwasaidia wenye njaa. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Oxfam.

Vita vilipokwisha, watu wakawa wanaleta nguo kwa wingi ili zipelekwe kwa wakimbizi wa Ulaya. Mwishoni mwa mwaka 1947 kamati ikapata chumba cha duka katika nambari 17 ya Broad Street. Mwaka 1949 ikamwajiri mtu wa kwanza wa kulipwa, Joe Mitty, akalishika duka hilo kwa bidii kubwa. Waliobaki kazini walikuwa watu wa kujitolea, na wengi wao akina mama: huyu hupokea, huyu hufua, huyu huandika bei, huyu husimama nyuma ya meza saa mbili au tatu kwa wiki kisha akarudi kwake. Duka lile la Broad Street lipo hata leo, na mengine ya chama hicho katika Uingereza yamezidi mia tano.

Hekima yao ni nyepesi, na ndiyo maana imedumu. Si kila nguo iliyotolewa inamfaa mwenye shida. Koti la karamu halimfai mkimbizi mwenye njaa, lakini likiuzwa lageuka unga na dawa. Na yule jirani mwenye kipato kidogo, asiyependa kuomba, huingia dukani kama watu wote, akachagua, akalipa kidogo, akatoka na kichwa chake juu. Hapana ajuaye kama ameingia kwa shida au kwa kupenda tu. Tajiri na maskini wamesimama mbele ya meza moja.

Na pato lake limepata kufika mbali. Ng'ambo ya milima yetu, katika upande wa Songea, wakulima wa Litowa na vijiji jirani waliungana mwaka 1963 wakafanya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wakilima na kuishi kwa ujamaa kwa hiari yao. Chama hicho kilivunjwa mwaka 1969. Katika uhai wake Oxfam ilikuwa miongoni mwa waliokisaidia. Basi kabati la bibi wa Oxford lilikuwa na sehemu yake katika kazi ya mkulima wa Ruvuma, nao hawakuonana kamwe.

Mtu asiseme: Hao si wa dini yetu, tuna haja gani ya habari zao? Wazee wetu hawakuitupa hekima kwa sababu ya kinywa kilichoisema. Tena jambo lenyewe, kama mlivyoona, lina asili kwetu.

NGUO ZILIVYOTUFIKIA SISI

Lakini safari ya nguo ile haishii katika duka. Vitu vinavyotolewa ni vingi kuliko vinavyouzika pale. Vinavyobaki huuzwa kwa wafanya biashara kwa uzito, vikashindiliwa katika marobota na kutiwa melini. Nasi ndio tunaoyafungua marobota hayo. Neno letu mitumba si kingine ila marobota, na jina la mzigo limekuwa jina la nguo.

Mimi nilikuwa mtoto katika miaka ile ya baada ya vita vya Kagera, nguo zilipokuwa adimu. Viwanda vyetu, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968, havikuweza kutosheleza, na nguo za mitumba hazikuruhusiwa kuingia kwa uhuru. Tulikuwa na kaptura moja ya shule yenye viraka juu ya viraka, ikifuliwa Jumamosi mwenyewe amejifunga kipande cha kanga. Mwaka 1984 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa. Ami yangu akashuka Ifakara kuuza mpunga, akapanda treni ya TAZARA hadi Mlimba, akaja kwa miguu na shati la mikono mirefu kwa ajili yangu. Nyanya yangu alilitazama kwa hofu. Alikuwa amesikia nguo hizo zikiitwa kafa Ulaya, akaamini kwamba ni nguo za maiti. Alilichemsha mara tatu kabla sijaruhusiwa kulivaa.

Kwa kuwa wako mpaka leo wanaouliza kama yafaa kusali na nguo za namna hiyo, nitasema kwa ufupi. Asili ya vitu ni tohara mpaka najisi ithibitike. Imepokewa katika Sahih Bukhari kutoka kwa Mughira bin Shu'ba r.a. kwamba Mtume s.a.w. alikuwa safarini amevaa juba la Kisham lenye mikono myembamba, hata alipotaka kutawadha ikambidi aitoe mikono yake kwa chini. Na Sham siku hizo ilikuwa nchi ya Warumi. Basi ifue nguo yako, itazame kama inasitiri, uisali nayo bila wasiwasi.

Liko jambo jingine linalotaka kufikiriwa. Nguo iliyotolewa sadaka kule, huku twainunua. Biashara hiyo ni halali, na wengi wamesomesha watoto kwayo. Hata hivyo mwaka 1984 si mwaka wa furaha kwa kila mtu, kwani fundi cherehani na mfumaji waliona wateja wao wakipungua. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuziondoa nguo hizo hatua kwa hatua ili viwanda vyao vipate nafasi. Wafanya biashara wa Marekani wakalalamika, na nchi zikaogopa kunyimwa soko la Marekani lisilo na ushuru. Rwanda peke yake ilishikilia, na mwaka 2018 ikaondolewa katika nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Tazameni jinsi nguo moja iliyotolewa kwa huruma ilivyokwenda mpaka ikawa shauri la serikali! Funzo lake kwetu ni kwamba sadaka inayokwenda mbali bila kuangaliwa yaweza kumvika mmoja na kumvua mwingine. Sadaka iliyo karibu ni rahisi kuichunga.

TULIVYOJARIBU

Baada ya kisa cha sweta nilikaa na akina mama wanne wa msikiti wetu tukashauriana. Tukaazimia tusigawe tena. Tukajenga kibanda cha miti nyuma ya madrasa, tukatia meza na kamba ya kutundikia, tukatangaza kwamba nguo zitakazoletwa zitauzwa kwa bei ndogo kila Ijumaa, na pato litanunua juzuu, madaftari na sare za mayatima.

Haukupita mwezi tukaingia katika mtihani. Nguo nzuri hazikuonekana mezani. Furushi lilifunguliwa Alhamisi, na Ijumaa asubuhi zilizobaki zilikuwa zile zilizochakaa. Nikauliza kwa upole, ikafahamika kwamba wasaidizi wetu walikuwa wakijinunulia kwanza zilizo bora. Hawakuiba, walilipa. Mmoja wao akaniambia: "Maalim, nafanya kazi hii bure, je, hata gauni moja nisichague?" Maneno yake yalikuwa na uzito. Lakini mwenye shida akija akute matambara tu, duka limekuwa la nani? Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini wenzetu wa mwaka 1941 walijifunga na masharti. Kila sharti la kazi kama hii nyuma yake pana nafsi iliyotamani kitu.

Basi tuliyapanga masharti yetu, nami nayaweka hapa kwa ajili ya msikiti wowote utakaotaka kujaribu.

Kwanza, anayetoa aambiwe wazi kwamba nguo yake itauzwa. Sisi ni mawakila wake, na wakili hafanyi ila alilokubaliwa. Na hii ni sadaka ya hiari. Zaka haiingizwi humo, kwa kuwa zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, nayo hupelekwa kwao.

Pili, isipokewe nguo ambayo mtoaji mwenyewe angeona haya kuivaa mbele ya wageni. Aya ya 267 ya Suratul Baqara yatukataza kuchagua kibovu cha kutoa, kitu ambacho sisi tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Iliyochanika ishonwe kwanza au iwe tambara la kupangusia.

Tatu, kila mfuko ukaguliwe. Tumepata kukuta fedha, na siku moja pete. Hiyo ni amana, hurudishwa kwa mwenyewe.

Nne, msaidizi anunue mwisho, wala si mwanzo. Nguo zote zitundikwe, watu waingie, na baada ya sala ya Alasiri ndipo wasaidizi wachague katika zilizobaki, kwa bei ile ile.

Tano, hesabu iandikwe katika daftari na watu wawili, na isomwe msikitini kila mwisho wa mwezi. Mtu akijitolea nguvu zake hajapewa ruhusa ya kuficha hesabu. Bali yeye ndiye anayestahili zaidi kulindwa na dhana mbaya.

Sita, na hili ndilo lililoponya jeraha letu: nguo isiuzwe pale ilipotolewa. Za kijiji chetu tunazifunga na kuzipeleka kwa Waislamu wa kijiji cha pili, nao hutuletea zao. Hapana mtoto atakayelitambua shati lake mgongoni mwa mwenzake.

Saba, yule asiye hata na mia tano hapewi nguo mbele ya watu. Mama mmoja mtu mzima, msiri, humfikishia fedha nyumbani kwake usiku, naye huja Ijumaa akanunua kama wengine. Meza haijui fedha hizo zimetoka wapi.

Duka letu ni dogo. Masika njia zikiharibika hatubadilishani nguo, na kibanda hukaa kitupu wiki nyingi. Wako pia wanaonung'unika kwamba sadaka haiuzwi, nasi twawajibu kwa kisa cha yule Ansari na bakuli lake. Lakini nitakuambieni niliyoyaona kwa macho yangu.

Yule yatima alikaa muda mrefu hapiti karibu na kibanda. Alirudi madrasa, lakini Ijumaa alikuwa akizunguka njia nyingine. Msimu wa mpunga ulipofika akaenda bondeni na mjomba wake kuamia ndege, akalipwa. Ijumaa moja akaja, akasimama mezani, akazitazama nguo moja moja, akalishika koti la kijivu akauliza bei. Mama aliyekuwa zamu akamwambia shilingi elfu moja. Mtoto akaligeuza, akaonyesha kifungo kilichokosekana, akasema: "Mama, hili kifungo chake hakipo. Nipunguzie, mia saba." Wakavutana kidogo, akalipata kwa mia nane. Akalivaa pale pale, akaenda zake hakutazama nyuma.

Nilisimama mlangoni mwa madrasa nikiwaza. Sweta nililompa mimi lilikuwa zima, halikukosa hata kifungo kimoja, akalikataa. Koti lenye kasoro akalivaa kwa fahari, kwa sababu alilitafuta, akalipatania, akalilipia. Anayepewa hana njia ya kusema kifungo hakipo. Anayenunua anayo.

Basi enyi wazazi, msingoje mwezi wa Ramadhani; fungueni masanduku yenu sasa. Nanyi vijana wenye Ijumaa za mapumziko, saa mbili za kufua na kukunja nguo za watu msiowajua ni kazi ndogo machoni mwa watu, na huenda ikawa nzito katika mizani. Aya ya 92 ya Surat Al Imran yatufunza kwamba hatutaufikia wema mpaka tutoe katika tuvipendavyo, na iliposhuka, Abu Talha r.a. alitoa shamba lake la mitende la Bairuha, lililokuwa mali yake aipendayo kuliko zote. Sisi hatukuombwa shamba. Tumeombwa shati, na adabu ya kulitoa.

Mwenyezi Mungu atutakabalie, na awasitiri wenye kustahi katika umma wetu. Amin.

Wabillahi taufiq.